Kifungo cha Wifi

Goti la kulia la fundi cherehani lilikuwa limevimba, hata kukunja mguu ni kazi. Kutwa nzima pedali, pedali, pedali! Na hospitali inataka sare thelathini Ijumaa. Akichelewa, kazi anapewa mwingine.

Jumatatu muuza paneli akaleta dawa: paneli ndogo, nyepesi, kibandiko kimeandikwa WATI 300.

"Funga mota kwenye cherehani, mama, paneli iiendeshe. Goti lipumzike! Naiacha hapa, narudi kesho kusikia neno lako."

Fundi akaipenda palepale. Lakini wifi yake, dada wa mumewe, mtafiti wa seli za sola, aliigeuzageuza akaguna.

"Wifi, hii siiamini."

Fundi akamtazama kwa jicho la pembeni. Huyu naye! Miaka kumi na moja maabara, na akiulizwa kafanya nini, anatoa mfukoni kijipande kinachong'aa, ukubwa wa kifungo cha shati. Isije ikawa wivu. Au ana paneli zake anataka kuuza?

"Wewe una kifungo, mwenzio ana wati mia tatu," akamchoma. "Nani mtaalamu?"

Wifi akacheka. "Kifungo hiki kimenitoa jasho! Jua likikimwagia mafungu mia ya nguvu, mwanzoni kilishika ishirini na mbili kuyafanya umeme. Sasa ishirini na sita. Mafungu manne tu, wifi, na ujana wangu umeishia humo! Lete futi."

Futi ilikuwa shingoni, kama kawaida. Wakapima paneli: sentimita sitini kwa hamsini.

"Sasa sikia," wifi akasema. "Jua kali la saa sita mchana linamwaga kama wati elfu moja kwenye mita moja kwa mita moja. Eneo hili ni dogo. Jua lote linaloangukia hapa ni wati mia tatu tu. Na paneli nzuri ya dukani inashika kama fungu moja katika matano. Yaani hapa utapata wati sitini. Mota ya cherehani inataka mia, kutwa nzima."

Fundi akaitandaza futi juu ya paneli tena. Kisha akauliza polepole, "Ni kama mtu aniletee kitambaa cha suruali moja, aniambie kinatoa tano?"

"Hapohapo!"

Loo! Fundi adanganywe kwa kipimo? Kesho yake muuzaji alirudi anatabasamu.

"Kaka, kibandiko nimekisoma," fundi akasema, akivua futi. "Sasa tupime paneli yenyewe."

Ghafla muuzaji akakumbuka ana mgonjwa nyumbani.

Jumatano fundi alienda duka jingine, akapima kwanza, salamu baadaye. Akarudi na paneli ndefu kuliko yeye, betri yake, na mota ya cherehani. Ijumaa asubuhi sare thelathini zilikuwa zimepigwa pasi, na goti limeanza kukunjika.

Wifi alipopita, fundi akampa kipochi kidogo cha mahameli.

"Cha kifungo chako. Kisije kikapotea."

"Jamani, wifi! Kikifika ishirini na saba utakuwa wa kwanza kujua."

"Niambie," fundi akasema, akishika futi. "Nitakuja kupima."