Uzito wa Fundi

"Egemea bega langu basi. Sukuma kwa mguu. Twende."

Hakwenda. Dobi alivuta mpaka mgongo ukalia, lakini mumewe alirudi kitandani puu, kama gunia la mchanga. Kiti cha magurudumu kilikuwa pale pale kando ya kitanda, breki zimefungwa.

"Niache nilale," Fundi akasema, akiangalia ukuta.

"Ulale mpaka lini? Mgongo utaota vidonda."

"Mke wangu, huoni nilivyo mzito? Mwambie dada aje anichukue."

"Dada yako akikuchukua, mimi nitabaki hapa nigombane na nani?"

Akavuta shuka, akamfunika miguu.

Asikwambie mtu, yule mwanamke maji yalikuwa yamemfika shingoni. Tangu mumewe, fundi wa mapaa, ateleze juu ya nyumba ya watu na kuumia uti wa mgongo, kila kitu kilikuwa juu yake: afue nguo za watu, azipige pasi, arudi apike, amwogeshe, amgeuze. Hospitali waliwaambia mguu wa kushoto umekufa, wa kulia una nguvu kidogo, mikono ni mizima, kwa hiyo akisaidiwa ataweza kuhamia kwenye kiti. Lakini nyumbani ikawa kila siku anazidi uzito. Na dada yake Fundi, mwenye nyumba kubwa na mdomo mkubwa zaidi, alikuwa ameshatuma ujumbe:

"Wifi, Jumamosi nakuja na gari. Kama hata kumtoa kitandani huwezi, namchukua ndugu yangu. Usinione mbaya."

Dobi alijibu: "Njoo. Utamkuta amekaa kwenye kiti."

Hayo aliyaandika kwa ubishi tu, maana mwenyewe alikuwa na siri iliyokuwa ikimmaliza.

Siri yenyewe ilianzia jimu ya mtaani, alikokuwa akienda. Mwanamke wa miaka hamsini na ushei, katikati ya vijana wenye vifua kama makabati, ananyanyua vyuma ili aweze kumnyanyua mume. Miezi ikapita, mikono ikabaki ile ile. Siku moja kocha akamvuta pembeni.

"Mama, unajituma kuliko hawa wote, lakini misuli haiji. Unatumia dawa yoyote?"

"Vidonge vya kisukari. Miaka mingi sasa."

Akamtajia jina. Kocha akajikuna kidevu.

"Hiyo nimeisoma. Watu wa umri mkubwa waliofanya mazoezi ya vyuma huku wakiimeza, misuli yao ilikua kidogo kuliko ya wenzao. Ila mimi si daktari, mama. Kamuulize daktari wako kwanza, usije..."

Habari za daktari zilimpita. Alichosikia ni kwamba kidonge kile ndicho kinachomnyima nguvu za kumwinua mume. Jioni ile alikiweka mdomoni mbele ya Fundi, akanywa maji, akatoka nje, akakitema. Kesho yake vile vile. Mwanamke akiamua lake, nani wa kumzuia?

"Mbona siku hizi unakunywa maji hivyo?" Fundi alimuuliza.

"Joto la pasi."

"Na umekonda."

"Ndiyo mazoezi hayo, baba. Unataka ninenepe?"

"Dawa unameza?"

"Si unaniona kwa macho yako?"

Kiu haikatiki, chooni haishi kwenda, ukungu unamjia machoni akipiga pasi. Akajidanganya kwamba huo ni uchovu na nguvu ziko njiani zinakuja.

Jumamosi wifi akafika. Alisimama mlangoni mwa chumba, mkoba begani, ufunguo wa gari mkononi.

"Karibu ukae kwanza, wifi."

"Sikuja kukaa. Nionyeshe unavyomtoa."

Dobi akamkumbatia mumewe kifuani, mdomo sikioni pake.

"Nisaidie leo tu. Nakuomba. Usiniache niaibike mbele yake."

Fundi akafumba macho. Mwili wake ulilegea wote, ukamwangukia begani. Dobi akavuta. Akavuta tena. Chumba kikaanza kuzunguka, jasho baridi likamtoka, mikono ikamwachia mume kitandani na yeye akaenda chini, kichwa kikagonga pembe ya kiti.

Alichokiona mwisho, kabla macho hayajafumba, ni mumewe amesimama. Kwa mguu mmoja, mkono mmoja umeng'ang'ania kitanda, mwingine umemnyooshea yeye, anaita, "Mke wangu, mke wangu," kwa sauti ya mtu aliyechanganyikiwa.

Alizindukia hospitalini, dripu mkononi, daktari kando yake.

"Sukari yako imepanda vibaya, na mwili umekauka maji. Uliacha dawa?"

"Nilitaka misuli, daktari. Niliambiwa dawa inaizuia."

Daktari akavuta kiti, akakaa.

"Aliyekuambia hakukudanganya, ila ulichukua nusu ya maneno. Watafiti wameona kwamba dawa hiyo inaweza kupunguza kukua kwa misuli kwa watu wazima wanaonyanyua vyuma. Kupunguza, si kuzuia. Hata hivyo nguvu zao ziliongezeka. Lakini sukari ukiiacha ipande, inakula misuli yenyewe, halafu inahamia kwenye figo na macho. Ungekuja, tungepanga wote wawili. Mficha maradhi, kilio humuumbua."

Daktari alipoondoka, Dobi aligeuza kichwa. Fundi alikuwa kwenye kiti chake, wifi amekishika kwa nyuma. Dobi akaanza yeye.

"Ulisimama."

"Nilisimama."

"Unaweza tangu lini?"

"Kusimama, sikujua kama naweza. Kujisukuma, tangu tulipotoka hospitali."

"Na asubuhi zote nilizokuvuta?"

Fundi akainamisha kichwa. "Nilikuwa najilegeza."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa nakuona unavyokwisha. Nikasema nikiwa mzito utachoka, utaniacha dada anichukue, upumzike. Habari ya dawa sikuijua. Naapa sikuijua."

Machozi yalimtoka Dobi bila sauti, yakaingia masikioni.

"Nimetema dawa yangu ili nikubebe. Nimelilia nguvu mpaka usiku nikakosa usingizi, nikajiona mke asiyefaa. Kumbe nilikuwa napigana na wewe."

"Nisamehe."

"Wifi," Dobi akaita.

"Abee."

"Mchukue ndugu yako. Gari si ulileta?"

Yule mwanamke mwenye mdomo, leo mdomo ulimkauka. "Wifi, hizo ni hasira..."

"Mchukue. Amehangaika sana ili aondoke kwangu, msimcheleweshe."

Wifi akafungua breki. Kiti kilipoanza kugeuka, Fundi alishika matairi kwa mikono yote miwili.

"Sitaki kwenda."

"Unasemaje?"

"Sitaki kwenda. Nilitaka upumzike, lakini kwenda sitaki. Naogopa. Kila siku nilikuwa naogopa kwamba safari hii utakubali."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Mwanamume akishasema anaogopa, anabakiwa na nini?"

"Anabakiwa na mke," Dobi akasema. "Mjinga wewe."

Wifi alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akajifuta pua kwa kiganja.

"Mzigo wa mwenzio kanda la usufi. Niliusema sana mzigo huu, wala sijawahi kuuinua. Nitakuwa nakuja, wifi. Mnifundishe."

Dobi hakusamehe siku hiyo, tusidanganyane. Alirudi nyumbani akiwa amenuna, akajibu kwa mkato, akapika bila kuongea. Lakini asubuhi alisogeza kiti, akafunga breki, akasimama mbele ya mumewe.

"Umemeza?" Fundi akauliza.

"Nimemeza."

"Fungua mdomo."

Akaufungua, akainua na ulimi, macho yamemkazia.

"Umeridhika? Haya, zamu yako. Weka mguu chini."

Fundi akaweka mguu, akakaza mkono kitandani, akasukuma. Dobi alikuwa amejiandaa kuvuta kama kila siku, na karibu apepesuke, maana mumewe aliinuka, akageuka naye, akakaa kitini taratibu.

Dobi alibaki ameinama, mikono bado iko mabegani mwa mumewe. Kisha akaanza kumpiga kwa ngumi, ngumi zisizo na nguvu, huku analia.

"Kumbe ulikuwa mwepesi hivi," akasema. "Kumbe siku zote ulikuwa mwepesi hivi."

Fundi hakuzikinga ngumi. Alimwacha ampige mpaka achoke.