Injini ya Lori la Nyando

Fyuuuuu...

Sauti ilikuwa moja tu, nyembamba, ndefu, ikitoka chini ya boneti. Nikazima injini. Mvuke ukapanda mbele ya taa, ukafunika barabara.

"Hapa tena," akasema Ndung'u. "Si nilikwambia, fundi? Hapa hapa."

Tulikuwa tumetoka Kisumu saa kumi na moja jioni kulijaribu gari lake. Ndung'u aliuza viazi mjini, na mimi ndiye niliyemtengenezea gari hilo nyuma ya nyumba za Kaloleni. Lilikuwa gari dogo la abiria. Nilikata mgongo wake, nikalifanya pikapu, kisha nikaliwekea injini ya lori. Watu walikuja kulitazama. Walinisifu.

Lakini kwa mwezi mzima lilikuwa likichemka, na mahali pamoja tu: maili moja kupita Ahero. Injini yenye ugonjwa wa joto huchemka mlimani, chini ya mzigo. Hii ilipanda mlima wa Sondu na magunia kumi bila shida. Ilikuja kuchemkia hapa, kwenye tambarare ya Kano, mahali palipolala kama meza.

"Hii gari yako inakunywa maji kuliko ng'ombe," Ndung'u akasema. Akawasha sigara, akaenda kunyoosha miguu.

Nikainama juu ya injini. Chuoni tulifundishwa kutafuta ugonjwa kwa utaratibu. Unataja sehemu moja, unaipima, unaiacha, unataja nyingine. Giza lilikuwa linaingia. Nikaanza kuzitaja kwa sauti ndogo.

"Rejeta."

Nilikuwa nimeweka kubwa, ya lori lenyewe. Haikuvuja.

"Mkanda wa feni."

Ulikuwa umekaza vizuri.

"Pampu ya maji."

"Bado," mtu akanong'ona.

Nikadhani ni Ndung'u ananitania. Nikanyoosha mkono nyuma bila kugeuka.

"Nipe spana ya nusu inchi."

Spana ikawekwa kiganjani mwangu.

Ilikuwa imelowa.

Ilikuwa baridi, na tope laini likapita katikati ya vidole vyangu. Likanuka mafuriko... majani yaliyooza, samaki waliokufa. Mvua haikuwa imenyesha Kano kwa wiki sita.

"Ndung'u?"

"Ee?"

Sauti yake ilitoka mbali. Nikaona ncha nyekundu ya sigara yake, hatua mia moja kutoka kwangu.

Nikachuchumaa, nikatazama chini ya gari. Hapakuwa na mtu. Vumbi lilikuwa kavu kila mahali, isipokuwa alama moja ya maji. Ndefu. Yenye mabega. Kama mtu aliyelala chali, akifungua nati.

Hapo ndipo niliposikia mtoto akilia.

Kilio kilikatiza shamba, chembamba na kirefu, kutoka kwenye boma lenye taa moja. Ndung'u akarudi akitembea haraka.

"Huyo mtoto alikuwa analia hata juzi nikipita," akasema. "Na sisi maji imeisha. Beba mtungi, uende uombe pale."

"Tungoje ipoe."

"Ipoe mpaka saa ngapi? Unaogopa mbwa, bwana?"

Sikuogopa mbwa. Nilimwogopa mwenye boma, Mama Dorca. Kwa miaka miwili nilikuwa nimeingia kwake na uongo mkononi.

Niseme sasa, ingawa uso wangu unawaka ninapoandika. Mwaka wa mafuriko, lori liliachwa kwenye maji karibu na mto Nyando. Mimi na mwenzangu, fundi kama mimi, mwana wa Mama Dorca, tulikwenda jioni kuiba injini ya lori hilo. Yeye aliingia chini kufungua nati. Mimi nilishika mnyororo. Jeki ikazama kwenye tope, lori likashuka, likambana mguu. Maji yalikuwa yanapanda.

"Kimbia uite watu," akaniambia.

Nilikimbia hadi Ahero. Watu walikuwepo, wanaume wanane hivi, wameketi kwenye hoteli ya chai. Nikasimama mlangoni. Nikafikiria: nitasema tulikuwa tunafanya nini pale? Wataniita mwizi.

Nikaingia. Nikaketi.

Nikaagiza chai.

Maji yalipopungua, lori lilikuwa limesukumwa na mto na mwenzangu hakuwepo. Injini ilikuwepo. Niliichukua, na ndiyo hii ya gari la Ndung'u. Nikamwambia mama yake kwamba amepata kazi Kampala. Kila Krismasi nilimpelekea sukari kilo mbili, nikisema imetoka kwake. Aliipokea kwa mikono miwili. Na tangu jioni ile sikuwahi kulitamka jina la mwenzangu, hata nikiwa peke yangu.

Nikabeba mtungi. Nikabisha hodi.

"Karibu, Walter," akasema Mama Dorca. "Karibu, nyathina, mwanangu. Umetukuta vibaya."

Milka, mke wa mwanawe mwingine, aliketi sakafuni na mtoto mapajani. Mtoto alikuwa mdogo sana. Mbavu zilionekana. Alilia huku macho yamekauka.

"Siku ya tatu hajanyonya," Milka akaninong'oneza. "Hospitali wamempima, wamesema hana kitu. Baba yake yuko Kericho kwenye mashamba ya chai, hata hajui."

"Anataka jina," Mama Dorca akasema. "Kuna mtu wetu aliyekufa anayetaka mtoto apewe jina lake. Tukimpata, mtoto atanyamaza." Akainama karibu na sikio la mtoto. "Kama ni wewe, Ogutu, mwache anyonye."

Milka akampa titi. Mtoto akageuza uso, akalia.

"Bado," Milka akasema.

Ndilo neno nililolisikia kwenye injini.

"Kama ni wewe, Nyabola, mwache anyonye."

"Bado."

"Tumewaita wote," Mama Dorca akasema. "Wa upande wa baba, wa upande wa mama. Hata wale waliokufa wakati wa babu yangu."

Milka akainua macho. "Mama... hamjamwita mmoja."

"Nyamaza!"

"Miaka miwili, mama. Hata barua?"

"Mwanangu yuko Kampala! Jina la mtu aliye hai haliitwi kwa mtoto anayelia. Unataka kumuua?" Akanigeukia. "Mwambie, Walter. Wewe unaleta sukari yake. Mwambie yuko mzima."

Mtoto akanyamaza ghafla. Hakuwa ametulia. Alikuwa akinitazama. Kifua chake kikapanda, kikashuka, kikapanda kidogo tu. Midomo yake ilikuwa imeanza kuwa na rangi ya majivu.

"Mama!" Milka akapiga kelele. "Hapumui vizuri! Anaondoka, mama!"

Kutoka barabarani, Ndung'u akaita. Sauti yake ilikuwa na hofu.

"Fundi! Huyu mtu chini ya gari ni wako? Mbona hataki kutoka?"

Mama Dorca alisikia. Nadhani alisikia pia harufu ya tope mikononi mwangu, kwa sababu aliitazama mikono hiyo, kisha akanitazama usoni, akangoja. Ningeweza kusema ni mpita njia. Ningeweza kuomba maji na kwenda. Mdomo wangu ulikuwa umezoea.

Nikapiga magoti sakafuni, mbele ya Mama Dorca. Nikaweka midomo karibu na sikio la mtoto. Lilikuwa baridi kama ile spana.

"Kama ni wewe," nikasema, "mwache anyonye..."

Nikaanza tena, kwa sauti ambayo Mama Dorca angeisikia.

"Kama ni wewe, Obiero."