Mgeni Kutoka Hamamu la Ronda

Siku ya tatu tangu Khulood arudi kutoka Uhispania, nyumba yao ya ghorofani Wattaya, Maskati, ilianza kunuka majani yaliyorowa mvua. Nje jua la mchana lilikuwa likichoma lami, kiyoyozi kimezimwa, na bado Bi Ghaliya, mamake, alikuwa akitetemeka ndani ya shali mbili.

Alipokwenda kumwamsha bintiye asali adhuhuri, alisikia maongezi nyuma ya mlango. Sauti ya Khulood. Kisha sauti nzito ya kiume, katika Kiarabu cha kale ambacho yeye, aliyesomesha Kiarabu miaka thelathini, alikifahamu nusu tu. Akafungua. Khulood alikuwa peke yake kitandani, macho wazi, nywele zikichuruzika maji.

"Mwanangu, nani alokuwa akisema humu?"

"Polepole, mama. Ndo kwanza amelala."

Bi Ghaliya alirudi kinyumenyume mpaka ukumbini, akampigia simu Bi Hajar, msomaji wa Kurani kutoka mtaa wa Ruwi, anayejulikana kwa kuwatoa watu majini. Kabla ya alasiri alikuwa amefika.

"Ulitembea wapi huko?" Bi Hajar alimuuliza Khulood.

"Kila siku mji mmoja, asubuhi twenda na wenzangu, jioni twarudi Malaga. Siku ya mwisho Ronda." Alinong'ona. "Kuna hamamu, nyumba ya kuogea ya Waislamu wa zamani, chini ya genge la jabali. Nliingia peke yangu, nkatoa salamu, mazoea tu. Nkaitikiwa. Nkadhani mlinzi, nkamwambia, karibu kwetu Maskati. Tulipopanda basi kwenda milimani Grazalema, kiti cha ubavuni mwangu kilikuwa kitupu, na kimerowa." Akamshika mamake mkono; vidole vyake barafu. "Anasema kesho twarudi sote. Kashanitengezea pahala."

Bi Hajar akaanza kusoma, na kila aya aliyoisoma baridi ilizidi, vioo vya madirisha vikatoka jasho, maji yakatambaa kutoka chini ya kitanda mpaka kwenye nyayo za Bi Ghaliya, naye hakuthubutu kuinua mguu, kwani kinywa cha mwanawe kilikuwa kimefunguka na ile sauti nzito inatoka humo.

"Miaka mia tano na ushei hakuna aloniamkia. Huyu kaniamkia, kanikaribisha."

"Umekaribishwa, umekaa siku tatu," alisema Bi Hajar. "Haki ya mgeni imekwisha. Toka!"

Ile sauti ikajibu, taratibu: "Nnatoka. Lakini ahali zangu nshawaelekeza njia."

Khulood alikohoa, akatapika maji na majani meusi, akalia kama mtoto. "Mama, nna kiu." Bi Ghaliya alimkumbatia, akahisi joto likimrudia mwilini.

Ndipo mlango wa nje ukagongwa, kwa adabu, na kutoka ukumbi wa lifti sauti nyingi, wanaume kwa wanawake, wazee kwa watoto, zikatoa salamu kwa Kiarabu kilekile.

Bi Hajar alimziba Bi Ghaliya mdomo kwa kiganja.

"Usiitikie," alinong'ona. "Wallahi, usiitikie."