Machozi ya Judica

"Futa hiyo picha, Hermani."

"Nimeshafuta, mpenzi. Tangu asubuhi."

"Mbona nimetumiwa tena sasa hivi? Wameigeuza stika! Nalia kwenye kaburi la baba yangu, halafu chini wameandika, 'Bando limeisha'!"

Hermani ndiye aliyeipiga picha ile. Siku ya mazishi ya mzee Yoakimu, kule Masieda, alimwona mchumba wake amepiga magoti kwenye udongo, mwanga umemwangukia usoni, akabonyeza. Jioni akairusha kwenye ukurasa wa studio yake ya Mogitu. Watu elfu tisa wakaipenda. Wengine wakaichukua.

"Nisamehe, Judica. Niliona ni picha nzuri."

"Ni nzuri kweli. Ndiyo maana wanaichekea."

Simu ikakatika. Tangu siku hiyo Judica hakupokea tena.

Hermani akawa anamwandikia kila jioni. "Nimekukumbuka." "Nimewaomba wenye magrupu waitoe." "Hata kama ni kunitukana, nijibu." Kimya. Alipiga picha harusi za watu, akirudi studio anafungua mafaili ya zamani. Judica akipepeta maharage. Judica akimfukuza ndama, kanga inamponyoka. Picha mia nne, na hakuna hata moja iliyoweza kumwita jina lake.

Mwezi wa nane tangu mazishi, mteja aliyechoka kusubiri picha zake akamtumia ile stika kwa utani. Hermani aliitazama mpaka macho yakauma. Akafunga studio mchana kweupe, akapanda basi hadi Mbulu, kisha bodaboda hadi Masieda. Kamera aliiacha mezani.

Alimkuta Judica shambani anavuna mahindi. Amekonda kidogo.

"Umefuata nini?"

"Nimekufuata wewe."

Judica akaendelea kuvunja mahindi.

"Siwezi kuitoa kwenye simu za watu," Hermani akasema. "Nimejaribu, nimeshindwa. Nilipokwambia nimefuta, nilisema kama vile yamekwisha. Hayajaisha."

"Unadhani ni stika tu iliyonitoa kwako?" Judica akageuka. "Iliniumiza, sikatai. Lakini siku ile, walipoanza kumshusha baba, niliinua macho nikutafute uje unishike. Nikakuta kamera."

"Nilikuwa nakutazama wewe..."

"Ulikuwa unatazama picha, Hermani."

Hermani akakaa pale pale kwenye mabua na kulia kwa sauti, mwanaume mzima. Judica akachuchumaa, akamshika mkono.

"Meseji zako nilizisoma zote."

"Sasa mbona hukujibu?"

"Nilitaka uje."

"Ungeniambia basi!"

"Mfiwa ndiye akualike msibani?"

Hermani akainamisha kichwa. Miezi minane alikuwa ameomba msamaha kwa kidole. Hakuwahi kurudi kukaa na wafiwa.

Wakapanda kilima pamoja hadi nyumbani. Mama yake Judica, Benedikta, alikuwa mlangoni, anachambua mboga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakuinua uso. "Umepotea sana."

"Nimekosa, mama. Siku ya mazishi nilikuja kupiga picha. Leo nimekuja kuwapa pole."

Mama akasogeza sufuria ya mboga, akampisha nafasi kwenye benchi.

"Kaa. Judica, mletee mchumba wako chai."

Judica hakulikataa lile neno. Aliingia jikoni, na Hermani akamsikia akikoka moto.