Ukurasa Ndani ya Pamba

Katika shule moja karibu na Lalago, darasa la saba lilikuwa na kamusi moja tu ya Kiingereza. Kila jioni ililala kwa mwanafunzi mmoja, na kesho yake ilikabidhiwa mwingine.

Jumatatu, Mwalimu Wilhelmina aliandika ubaoni: *take off*.

"Maneno haya mawili yana maana nyingi," alisema. "Kuvua nguo ni *take off*. Ndege kupaa, vilevile. Alhamisi, atakayeleta nyingi zaidi atatuwakilisha Bariadi kwenye mashindano."

Zamu ya kwanza ilikuwa ya Minza. Usiku alikuta nyingine: kuondoka ghafla, kuchukua likizo, biashara kushika kasi, hata kumwigiza mtu ili kumcheka. Tamaa ikamshika. Aliuchana ukurasa, akaufukia kwenye pamba iliyorundikwa chumba cha nyuma. Kesho yake alimpa Limbu kamusi bila hata kumtazama usoni.

Jumatano Limbu alisema, "Mwalimu, ukurasa haupo."

"Ulipopokea ulikagua?"

"Hapana. Nilimwamini aliyenipa."

"Basi umeuchana wewe. Bariadi huendi!"

Limbu alilia mbele ya darasa zima. Minza aliinamisha kichwa, moyo ukimsuta, lakini mdomo ulikuwa mzito.

Jioni alimkuta baba yake, mzee Masele, akijaza pamba kwenye magunia. Mkokoteni ulikuwa unasubiri nje.

"Mwanangu, karatasi yako ya shule ilipotelea humu," alisema kwa upole. "Nimeinyoosha, nikaiweka ndani ya Biblia isikunjamane. Nimepekua pamba yote, nikidhani kuna nyingine."

Minza alishindwa kujizuia. Wema ule ulimuumiza kuliko fimbo.

"Baba, niliichana mimi kwenye kamusi ya darasa. Limbu ameadhibiwa bure."

Masele aliacha magunia yake.

"Pamba itasubiri. Twende kwa akina Limbu kwanza, shuleni kesho."

Asubuhi Minza alisimama mbele ya wenzake, akakiri kosa lake. Mwalimu Wilhelmina alimgeukia Limbu.

"Nisamehe, Limbu. Nilikuhukumu haraka. Mashindano hayo yanakuhusu bado."

Kisha akamwambia Minza, "Wewe hutashindana. Kuchana ukurasa ni kosa, na gundi italirekebisha. Lakini ulimwona mwenzako akilia kwa kosa lako, ukakaa kimya. Hilo ndilo kubwa zaidi. Siku nyingine ukikosea, sema kabla mwingine hajaumia."

"Ndiyo, Mwalimu," alijibu Minza, na safari hii alimtazama Limbu usoni.