Seline Asoma Ubao Uliofutwa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni, Seline alimsaidia nyanya yake kuchambua omena, samaki wadogo wa kuuza, mbele ya chumba chao cha mabati katika mtaa wa Gatwekera. Mikono ilichambua, lakini macho yalikuwa kwenye kitabu alichokipakata.

"Wee Seline, vitabu vitakumaliza macho!" nyanya, ambaye Seline alimwita Dani, yaani nyanya kwa Kijaluo, alifoka. "Siku nikisikia huoni vizuri, nitavifungia vyote kwa sanduku!"

Ndiyo maana Seline hakumwambia Dani kwamba maandishi ya ubaoni yalikuwa yamegeuka ukungu. Darasani, rafiki yake Afrah alimsomea kwa kunong'ona, naye akayahifadhi yote kichwani. Na kichwa chenyewe, jamani, kilishika kila kitu!

Siku moja, Mwalimu Wagaki aliandika ubaoni maneno ya Kiingereza yanayohusu kuona, pamoja na asili yake, na Afrah akamsomea Seline kama kawaida. Alitaka kuchagua mwanafunzi wa kwenda kwenye mashindano ya kusoma na kueleza maneno ya Kiingereza, mtaani Kawangware, na Seline aliitamani mno nafasi hiyo. Baada ya mapumziko, mwalimu alimtuma Afrah ofisini, kisha akaketi nyuma ya darasa kusahihisha madaftari.

"Seline, tusomee ubao, utueleze," alisema bila kuinua kichwa.

Seline alisimama penye dawati lake, akaelekeza rula mbele.

"Video. Ni Kilatini, maana yake naona. Television. Tele ni Kigiriki, yaani mbali. Vision imetoka kwa Kilatini, kuona. Kwa hivyo ni kuona vitu vya mbali."

Darasa likaangua kicheko.

"Manze, unasoma wapi?" Billy aliuliza. "Si nilifuta hiyo board saa ya break!"

Seline alilia kwa kwikwi. Mwalimu Wagaki hakucheka. Aliketi karibu naye na kumfuta machozi.

"Tangu lini huoni, mama?"

"Tangu muhula uliopita. Tafadhali usimwambie Dani. Atachukua vitabu vyangu."

Jioni walikwenda kwa Dani pamoja. Seline mwenyewe ndiye aliyesema kwamba haoni ubao. Dani aligeuka akavitazama vile vitabu.

"Nyanya, kumnyima vitabu hakutamsaidia," mwalimu alisema kwa upole. "Apimwe macho kwanza."

Dani alikubali. Walikwenda kliniki, Seline akapewa miwani, kisha akachaguliwa kwenda Kawangware. Huko alisoma ubao mwenyewe, neno baada ya neno, akashika nafasi ya pili. Dani hakuelewa hata neno moja la Kiingereza, lakini alipiga makofi kuliko wazazi wote.

Walipotoka nje, alimkumbatia mjukuu wake kwa nguvu hadi miwani ikapinda.

"Nilikutisha vibaya, nisamehe," alisema. "Lakini na wewe usinifiche tena. Mwili ukikusumbua, uniambie mapema, hata kama nitafoka. Nikishamaliza kufoka, nitakupeleka kwa daktari."