Talaka ya Tatu

Oili iliyotoka ndani ya giaboksi ilinukia mawaridi.

Fundi aliinusa kidoleni, akacheka, akampelekea mkewe kidole hicho mpaka mlangoni mwa jiko. Banda lake la kazi lilikuwa ubavuni mwa nyumba, na mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pacha, alishazoea kunusishwa mambo.

"Nusa mwenyewe. Imetoka kwenye gari la mashindano lililopinduka. Dereva wake alikuwa mtanashati, nadhani."

"Manukato hayo ni ya kike."

"Ushaanza."

"Sijaanza. Nimenusa."

Jumapili kulikuwa na mashindano, na fundi angeendesha mwenyewe gari lake jekundu, alilolishusha mpaka likawa kama linalamba lami. Yalibaki mawili tu: giaboksi hiyo, na klachi ya mashindano, ile isiyojua subira, ama imeshika ama imeachia.

Diski ya klachi sharti ikae katikati kabisa kabla giaboksi haijapandishwa, la sivyo shafti haiingii. Mafundi wengine wana kifaa chake. Yeye alitumia mpini wa mwiko wa mkewe, aliouchonga ukaenea tunduni. Wenzake walimtania kwamba anasonga injini. "Mwiko wa Mama Pacha haujanikosea hata siku moja," aliwajibu.

Safari hii ulikataliwa. Aliuingiza mara kadhaa, ukasukumwa nje kila mara, na mwisho ukatoka umeumwa.

"Ni meno ya diski hayo," alimwambia mkewe.

"Meno ya diski yamezunguka duara. Haya yamepangwa juu na chini."

Fundi akaiweka diski kwa vidole, akalala chali chini ya gari, giaboksi kifuani, akaisukuma juu. Ikagoma. Jasho likamwingia machoni, naye akaibembeleza, kama mafundi wanavyobembeleza vyuma vizito: "Ingia basi, mke wangu. Nimekukubali kwa hali yoyote."

Giaboksi ikapanda yenyewe. Kila boliti ikakuta tundu lake.

Mama Pacha alikuwa amesimama pale na kikombe cha chai. Miaka kumi na minne ya ndoa, yeye hakuwahi kuambiwa "kwa hali yoyote".

Giaboksi za mashindano hulia, kwa kuwa meno ya gia zake yamekatwa wima. Hilo Mama Pacha alilijua. Lakini hii ilipolia ilikuwa na mahali pa kuvuta pumzi. Kesho yake fundi alikula chakula cha mchana ndani ya gari. Keshokutwa shati lake lilinukia mawaridi kwenye ukosi, upande wa shingo. Na alasiri ya siku hiyo, Mama Pacha akianika nguo, aliisikia sauti ile ile ikiimba bandani, ilhali injini ilikuwa imezimwa tangu asubuhi na ufunguo ulikuwa kwenye mfuko wa gauni lake mwenyewe, akaenda polepole, vibanio bado mkononi, akamwona mumewe amefumba macho kwenye kiti cha dereva, mkono juu ya gia, na juu ya mkono ule ngozi ilikuwa ikibonyea na kurudi, kibonyeo kimoja baada ya kingine, kama inayopapaswa na vidole, na kiti cha pili, kisichokuwa na mtu, kilikuwa kimedidimia.

"Baba Pacha," alinong'ona.

"Usipaze sauti," fundi alijibu bila kufumbua macho. "Ndiyo kwanza amelala."

Alhamisi Mama Pacha alimleta mganga, bibi mmoja mshona magodoro, mtu wa maneno machache. Bibi aliweka sikio kwenye gia, akalitoa haraka.

"Umemwoa."

"Sijaoa mtu mimi, bibi."

"Ulimwambia nini siku ya kumwingiza?"

Mama Pacha akayataja maneno yale yote, bila kuruka hata moja.

"Basi mwache," alisema mganga. "Talaka tatu, injini ikiwaka, klachi umeikanyaga, maana hapo tu ndipo anapokuwa hajashika kitu. Zikipungua, bado ni mkeo, na Jumapili atakuwa nawe peke yenu barabarani. Yule aliyepinduka alimwacha mara moja tu."

Fundi akawasha gari, akakanyaga.

"Nimekuacha."

Wimbo ukakatika.

"Nimekuacha."

Harufu ya mawaridi ikatoweka, bandani ikabaki harufu ya oili na ya mpira. Kisha chini ya sakafu ya gari kikasikika kilio chembamba cha mwanamke, mwanamke anayejizuia asisikike na wageni.

"Ya tatu," alisema mganga.

Fundi aliinamisha sikio kuelekea sakafuni, mguu bado kwenye pedali.

"Ya tatu, Baba Pacha!"

"Analia," alisema fundi.

"Na mimi je? Huoni nalia?"

Alimtazama mkewe, kwa upole ambao Mama Pacha hakuwa ameuona siku nyingi.

"Wewe una wanao, una ndugu zako. Yeye ana mimi tu."

Akainua mguu taratibu. Gari likatoka bandani, likampita Mama Pacha karibu mno hata gauni lake likagusa mlango. Kupitia dirishani aliuona mkanda wa kiti cha pili ukijivuta, ukapanda, ukazunguka mahali penye kifua cha mtu, ukajifunga.